Kicheko cha Nyuma ya Pazia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba lile goti sasa linakuruhusu kupanda ngazi bila kushika ukuta. Bibi naye anaendeleaje? Bado anakataa dawa mpaka abembelezwe kama mtoto? Nisalimie sana, umwambie shuka alilonipa ndilo ninalojifunika. Huku sisi ni wazima wa mwili. Shangazi anakohoa kidogo kwa vumbi la vitambaa, lakini kikohozi hakijamzuia kusema.

Kabla sijaendelea, nakuomba kitu kimoja. Vaa miwani yako mwenyewe, usome polepole. Usimpe jirani akusomee, hata kama ule mkono wa miwani uliovunjika bado umefungwa uzi. Tena usisomee barazani. Ingia chumbani, ukae kitandani.

Ujumbe wako niliupata. Jirani alimpigia Shangazi simu akamweleza jinsi watu walivyokuja kukuonyesha binti yako akicheka mbele ya dunia nzima, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana, na kwamba wewe uliuliza hivi: "Nilizaa binti au kengele?" Shangazi aliponifikishia alicheka. Mimi sikucheka, Mama. Najua ulivyoona aibu. Mimi ndiye yule yule ambaye mwalimu akimuuliza swali ilimbidi aje mpaka kwenye dawati langu ndipo asikie jibu. Jina la Kimya sikulipata mtaani, nililipata nyumbani kwako. Kwa hiyo lazima ulijiuliza nimepatwa na nini, kumaliza shule tu na kugeuka mtu wa kuchekea kamera.

Mama, kicheko kilichoanzisha haya yote si changu. Ni cha Dada.

Dada yu hai, mzima, na anakula. Tangu alipotoka kwa mumewe na wewe ukawa hujui alikokwenda, sehemu kubwa ya muda huo alikuwa hapa kwa Shangazi, katika chumba cha nyuma cha duka. Uliponiuliza nikasema sijui, kweli sikujua. Nilimkuta nilipokuja huku baada ya mitihani. Aliniapisha nisikwambie, na sababu yake nitaifikia. Tafadhali usiruke mistari.

Duka la Shangazi unalikumbuka, chumba cha mbele na chumba cha nyuma, mlango mmoja tu wa kutokea, ule wa barabarani. Mbele yamening'inizwa mapazia ya kuonyesha wateja, mazito na mepesi, na katikati ya vyumba kuna pazia zito la rangi ya kahawia ambalo mteja mmoja aliliagiza akalisusa. Nyuma yake ndiko Dada alikokuwa akishona mapindo. Shemeji alipoanza kumtafuta alifika hapa mwanzoni kabisa, akaangalia, akanywa chai ya Shangazi, akaondoka, maana wakati huo Dada alikuwa bado amejificha kwa mwenzake wa kazini. Baada ya Shemeji kuondoka ndipo Dada alipohamia. Alisema mahali palipokwisha kutafutwa ndipo pa kukaa.

Na pangekuwa hivyo hivyo, kama si Bi Harusi. Hilo si jina lake, ndivyo tunavyomwita, msichana mmoja anayeolewa hivi karibuni na ambaye hula, hutembea na hulala akiwa amenyanyua simu. Alikuja kuagiza mapazia ya sebule. Shangazi akamuuliza kipimo cha dirisha, naye akatanua mikono hewani akasema ni kama hivi. Shangazi akamtazama, akavua miwani, akamuuliza kama dirisha lenyewe alilipima kwa futi au kwa furaha ya ndoa. Akaendelea kusema kwamba kwa kipimo hicho atamshonea pazia litakalomtosha yeye na bwana harusi wakiwa wamesimama ndani yake. Na pale nyuma, Mama, Dada akajisahau. Akacheka.

Unakijua kicheko chake. Kwanza kinakuwa kimya kana kwamba hakuna kitu, kisha inaingia pumzi kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, halafu kinateremka ngazi tatu, na mwisho kabisa kuna kale ka "eh?" kama anayeuliza nani amecheka. Ni kicheko cha marehemu Baba, kimetoka kwake kizima kizima. Sikuwa nimekisikia tangu Dada aolewe. Nilisimama na sindano mkononi nikafurahi, Mama. Nilifurahi kama mjinga, sikujua Bi Harusi alikuwa anarekodi.

Aliiweka ile video mtandaoni jioni hiyo hiyo. Anaonekana Shangazi na miwani yake mkononi, anasikika akisema maneno yake, halafu pazia la kahawia linatikisika na kicheko kinatoka. Watu hawakujali maneno ya Shangazi hata kidogo, jambo ambalo mpaka leo linamuuma. Anasema mzaha alitunga yeye na sifa zimekwenda kwa pindo la pazia. Walichokitaka ni kicheko. Walikikata, wakakiweka chini ya video zao wenyewe. Kuku akianguka kwenye beseni, kicheko cha Dada. Mwanamume akinyolewa vibaya, kicheko cha Dada. Nilikwenda kununua uzi, muuzaji simu yake ikaita, nikasikia Dada anacheka mfukoni mwa mtu. Wakampa jina la Bi Kicheko, na kila mmoja akawa anauliza yukoje, yuko wapi, mbona hajitokezi.

Wakaanza kuja dukani. Mwanzoni walikuja wawili wawili wakijifanya wanauliza bei ya mapazia. Baadaye hawakujisumbua kujifanya. Walisimama kizingitini na simu zao, wakamwomba Shangazi aseme kitu cha kuchekesha ili Bi Kicheko aitike. Akaja na kijana mmoja mwenye taa ya duara, tunamwita Taa, ambaye ana wafuasi wengi, akatangaza kwamba hataondoka mtaani kwetu mpaka aonyeshe uso wa Bi Kicheko. Dada akawa hatoki nyuma ya pazia mpaka tufunge duka. Akihitaji kukohoa, mimi naendesha cherehani. Mguu wangu ulijifunza kukimbia kabla ya kikohozi chake.

Kisha nikayaona yale maoni. Nilikuwa nasoma waliyoandika watu chini ya video, maelfu wanauliza swali lile lile, na kati yao mmoja ameandika kwa adabu: "Shikamoo Shangazi. Huyo anayecheka hapo nyuma ni nani?" Picha yake ilikuwa ndogo. Nikaikuza. Ni Shemeji katika suti ya harusi, na pembeni mwa picha limebaki bega moja la gauni jeupe. Bega la Dada. Watu walikuwa wameyapenda maoni yake, eti angalau huyu ana heshima.

Nilimwonyesha Dada. Alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akakikunjua, akakikunja tena. Shangazi akasema tumtoe. Tutamtoaje, na mlangoni kuna simu zisizopungua kumi kuanzia asubuhi, na usiku Taa analala ndani ya gari lake mbele ya duka ili asipitwe? Akitoka tu uso wake utafika kwa Shemeji kabla yeye hajafika kona. Tulijua Shemeji hapewi ruhusa kazini mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angekuja.

Ndipo nikasema nitasema ni mimi. Nilisema kwa sauti yangu ile, ikabidi Shangazi aniulize nimesema nini. Nikarudia. Swali la Shemeji lilitaka jibu, na watu wote walitaka uso. Wakipata uso wangu, na kicheko kikawa changu, basi hapakuwa na mtu nyuma ya pazia ila mimi. Shangazi alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuwa kiti kitaimba. Dada akakataa. Mwisho alikubali kwa sababu hatukuwa na njia nyingine.

Akanifundisha, Mama. Sikujua kwamba kicheko ni kitu kigumu kiasi hicho. Ukikiita hakiji. Tuliwasha cherehani kufunika sauti, tukasimama kati ya majora ya vitambaa, akaniambia nisitafute kicheko, nitafute pumzi ya maji ya baridi, kingine kitafuata. Nikavuta pumzi, nikatoa sauti ya mbuzi. Shangazi akajitolea kunisimulia visa, na visa vyake vyote vinaishia na mtu kufariki. Siku moja Dada alikuwa ananionyesha zile ngazi tatu, akafika ya pili, akaanza kulia. Alisema amesahau kama anacheka hivyo au anaigiza mtu anayecheka hivyo. Nikamshika. Tuliendelea baadaye.

Nilijitokeza mbele ya Taa. Akanimulika ile taa, akaniuliza mbona nimejificha muda wote. Nikajibu kuwa nina haya, na hilo ndilo neno pekee la kweli nililosema. Kisha nikacheka kile kicheko cha kufundishwa. Hicho ndicho ulichoonyeshwa, Mama. Wengi walishangilia. Wachache waliandika kwamba sicho chenyewe, lakini wenzao wakawanyamazisha. Kuanzia hapo nikawa mtu maarufu. Nikipita sokoni wanawake wananiomba nicheke kidogo tu, mtoto wao aone. Watoto wananifuata nyuma wakivuta pumzi kama wamemwagiwa maji. Mwenye duka la sabuni aliniomba nichekee sabuni zake. Kila nikicheka najisikia kama nimevaa nguo ya mtu, na mwenye nguo yuko uchi nyuma ya pazia.

Shemeji alikuja mwisho wa mwezi, kama tulivyojua.

Aliingia mchana, kavaa shati lililopigwa pasi, amemletea Shangazi kifurushi cha sukari. Ulivyomzoea wewe ndivyo alivyokuwa, mpole, anauliza hali ya kila mtu, anakuulizia na wewe goti lako. Akatoa karatasi yenye vipimo vya dirisha. Akasema anataka pazia jipya la chumbani kwa sababu mkewe anarudi. Shangazi akapokea karatasi, akaikunja bila kuisoma. Nyuma ya pazia la kahawia hapakuwa na sauti yoyote. Tulikuwa tumekubaliana kwamba Dada asiguse chochote, wala asipumue kwa mdomo.

Akanigeukia. Akasema, "Shemeji, nichekee basi na mimi. Wageni wote umewachekea, mimi wa nyumbani unaninyima?"

Nikacheka. Sijui nguvu ilitoka wapi. Alisikiliza kwa makini, ameinamisha kichwa kama fundi anayesikiliza injini. Nilipomaliza alitabasamu. Akasema, "Mwisho umeukosea."

Alisimama akatazama pazia la kahawia kwa muda, na mimi nikaona kidole cha mguu wa Dada chini yake, kidole kimoja, Mama, kimetokeza kwenye pindo. Nikasogea nikakikanyaga. Shemeji akaaga. Hakwenda mbali. Alivuka barabara akakaa kwenye benchi la fundi viatu, akavua kiatu chake kizima akampa akipige rangi, macho yake mlangoni kwetu.

Akili iliyofuata ni ya Dada mwenyewe. Aliomba gauni kubwa la Shangazi, lile la maua ya njano, na kilemba chake na miwani yake. Shangazi akabaki na gauni la ndani, akaingia chini ya meza ya kukatia akifunikwa na mabaki ya vitambaa, analalamika kwa kunong'ona kwamba umri wake si wa kulala sakafuni. Kazi yangu ilikuwa kutoka nje na kuwachekea watu. Simu zote zikinigeukia mimi, hakuna ambaye angemtazama mwanamke mzima anayekwenda kupeleka mzigo kwa mteja.

Nikatoka. Nikasimama kwenye ngazi ya duka, mimi Kimya, nikawaambia waliokuwepo wasogee nitacheka. Wakaja kama kuku kwenye punje. Taa akawasha taa yake. Shemeji naye akainuka kwenye benchi, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akavuka barabara akasimama mbele yangu. Alitaka kuusikia ule mwisho.

Nikavuta pumzi, kicheko hakikuja. Watu wanasubiri, Shemeji ananitazama mdomo. Na hapo pembeni yangu akatokea Dada, jora la kitambaa begani upande wa Shemeji, uso umejificha nyuma yake. Nilitegemea atapita kimya kimya. Hakupita kimya kimya. Alitembea mwendo wa Shangazi, ule wa kutangulia kwa kiuno, na akakohoa kikohozi cha Shangazi, na kwa sauti ile ile iliyokwaruza akaanza kuwafokea, "Pisheni, pisheni, nyie hamna makwenu? Mmesimama kama fito zisizo na pazia." Watu wakapisha njia. Mmoja wao akainama akasema, "Shikamoo Shangazi." Naye akajibu, "Marahaba, kapime dirisha lako."

Mama, nilicheka. Sikukitafuta, kilikuja. Kwanza nikawa kimya, nikadhani nazimia, kisha maji ya baridi yakanimwagikia kifuani, nikateremka zile ngazi zote tatu nikiwa nimeshika mlango, machozi yananitoka, na mwisho kabisa kikatoka chenyewe, "eh?" Nilishtuka mwenyewe. Kilikuwa kimetoka tumboni mwangu, mahali ambapo sijawahi kupasikia. Watu wakapiga makofi. Wale waliokuwa wakisema sicho waliinua mikono juu. Na Dada alikuwa amekwisha kukata kona.

Shemeji alikuwa bado ananitazama. Akarudi kuvaa kiatu chake, akaja tena mpaka karibu yangu, akaniambia polepole, kwa upole ule ule, kwamba binadamu huweza kudanganywa na masikio. Lakini yeye atakwenda kumuuliza Mama, kwa kuwa Mama hasemi uongo.

Hii ndiyo sababu ya barua hii. Naipeleka kwa kampuni ya mabasi asubuhi hii, natumaini itamtangulia.

Sasa nafika kwenye ile sababu niliyokuahidi. Dada alipokimbia mara ya kwanza akaenda kwa Mama Mdogo, Shemeji alikuja kwako amebeba sukari, akakuuliza, nawe ukamwambia. Hukufanya kwa ubaya. Ulituambia hukuzaa waongo, na kwamba ugomvi wa mke na mume huisha wakikaa pamoja. Alimchukua siku hiyo. Baada ya hapo ndipo uliposikia kwamba Dada ameteleza bafuni akaumia mkono. Mama, hakuteleza. Bafuni hapakuwa na maji hata tone. Alikuwa amecheka mbele ya wageni, Shemeji akaona wageni wamependezwa, na walipoondoka akauweka mkono wake kwenye mlango, akaufunga. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Ndiyo maana alikuwa anashona mapindo tu, maana mkasi haushiki. Hakutaka ujue, kwa kuwa alijua utajilaumu. Kabla hajatoka aliniruhusu kukuambia, akasema nikuandikie kwamba hana kinyongo, na kwamba bado anakumbuka ulivyokuwa ukimsuka nywele.

Hayuko hapa tena. Alikokwenda sikujui, nilimwomba asiniambie. Kwa hiyo Shemeji akikuuliza Dada yuko wapi, utasema hujui, na utakuwa umesema kweli.

Akikuonyesha simu na kukuuliza kicheko kile ni cha nani, sikuombi useme uongo. Muulize anasema kipi, na akikuonyesha kile cha mlangoni, kile chenye mwisho, mwambie ni cha mwanao mdogo. Ni changu, Mama. Nimecheka tena jana usiku, Shangazi alipojitazama kwenye kioo akauliza kama kweli anatembea vile, na kikatoka hivyo hivyo. Kumbe Baba alituachia sote wawili, mimi nilikuwa sijakifungua. Na akikuuliza mengine, nyamaza. Mimi nimenyamaza tangu utoto wangu na hakuna aliyewahi kuniita mwongo.

Nisalimie Bibi mara ya pili, nisalimie na jirani, lakini usimweleze. Shangazi anakusalimu sana na anasema gauni lake la maua ya njano ameliaga. Barua hii ukimaliza itie motoni, chai ikichemka utakuwa umepata faida. Goti lako lipumzishe.

Wako akupendaye na kukuheshimu,

Binti yako Kimya,
ambaye ulimzaa kengele.